Kitunguu ya Maua na Fimbo ya Muko

Shemeji yangu Evode aliniletea vitunguu ya maua mu kitunga, na mulima yote ikamusifu. Mimi peke yangu nilikasirika.

Ilikuwa juma moja mbele ya kumaliza kilio ya bwana yangu Isidore. Evode ni kaka yake mukubwa, ni katekista, muntu wa shati safi na sauti ya polepole. Alifika asubuyi, akaweka kitunga ku mulango yangu, akafunua majani ya ndizi. Ndani mulikuwa vitunguu kubwa kubwa, si ya kula, ile ya maua ya lys nyekundu yenye masista wanapandaka mbele ya kapele, kanisa yao ndogo. Akasema siku ya kumaliza kilio tutaipanda ku kaburi ya Isidore na ku lupango yangu yote, kuzunguka nyumba, itapendeza. Nikasema asante. Mama yao, Mukashema, alikuwa amekaa pale anachambua maharagi. Aliangalia kitunga, akaangalia mutoto wake, kisha akarudia maharagi yake.

Ngoja nieleze, musije mukaniona mimi, Généreuse, ni muntu wa kukataa zawadi. Maua napenda. Lakini hapa kwetu, juu ya milima ya Kirotshe, kila mutu anajua: muntu mwenye kukopeshwa shamba anapanda kitu ya musimu. Maharagi, viazi, mahindi. Anavuna, anasema asante, anaenda. Muti, hapana. Ukipanda muti umesema niko hapa, na watoto wangu watakuwa hapa. Mwenye shamba akiona mugeni anachimba shimo ya muti, anakuja mbio na panga. Basi mwanamuke mujane akiletewa kitunguu ya maua na shemeji yake, kitu yenye unachimbua na kidole na kutia mu mufuko, mimi naelewa nimeambiwa nini.

Tena Evode alikuwa ameanza zamani. Isidore alipokufa ku hospitali, kule chini ku ziwa, Evode alilia mpaka watu wakamushika, na nilijua kilio yake ni ya kweli. Lakini mwezi haikuisha, akaanza kuniuliza nitaenda lini kusalimia watu wetu kule Buleusa. Mimi ni mutoto wa kule Walikale, ni kweli, wazazi wangu walilima mu musitu. Mwanzo ilikuwa kusalimia. Kisha ikakuwa kupumuzika. Ku Pasaka ikakuwa, "Kule kwenu watakutunza muzuri, Mama Laetitia." Mutoto wangu ni Laetitia moja tu, tena binti, anajifunza kushona kule Goma. Sina kijana wa kusimama mu shamba. Evode iko nao wane.

Na shamba yenyewe haikuwa na mupaka. Njo hapo kidonda ilikuwa. Baba yao aligawa kwa mudomo: kuanzia ku nyumba mpaka ku mutaro ni ya Isidore, kuvuka mutaro ni ya Evode. Lakini mudomo inakufa na mwenyewe. Mupaka ya kweli ku mulima yetu ni miti. Mukubwa wa familia anaisimamisha kwa mukono yake, mbele ya watu, anasema hii ni ya fulani, na kuanzia siku ile hakuna kapita mwenye kusimamia mulima, hakuna tribinali ya kuhukumu, yenye inaweza kugeuza ile neno. Isidore alimuomba kaka yake afanye vile. Aliomba miaka na miaka. Evode alikuwa anajibu kila mara: sisi ni ndugu, kati ya ndugu mupaka ya nini? Ni neno tamu sana, mpaka siku ndugu moja anakufa.

Laetitia alifika kwa kilio ile Alhamisi, amechoka na amekasirika, juu gari yao ilisimama saa na saa pale Mubambiro. Alipoona kitunga, uso ikafunguka. Akachukua kitunguu moja, akaigeuza geuza mu mukono, akanitolea telefone kunionyesha picha ya maua ya namna ile mu lupango za watu kule Goma. Nyekundu, imesimama, kila moja na shingo yake. Nilisema kweli: ni muzuri.

Nikamuambia mimi nataka kupanda muti ya maua. Muko. Akacheka kwanza, kisha akaona sichekeshi.

Tulipigana kwa maneno siku ile yote, tukiwa tunamenya ndizi. Na sitadanganya, mutoto alikuwa na haki mingi. Kitunguu unaifukia leo, mvua inanyesha mara mbili, kabla mwezi kuisha iko na maua. Muko itakufanya ungoje miaka. Kitunguu haina mwiba. Muko iko na miiba mpaka ku matawi. Kitunguu inazaa vitoto vyake chini ya udongo, unagawia majirani. Muko inashika nafasi yote na kuangusha majani mu maji yako. Wakati wa kiangazi kitunguu inalala, inajificha, haisumbui mutu. Muko wakati wa kiangazi inatosha majani yote, inabaki uchi, kisha inajaa maua nyekundu ku matawi kavu, mpaka mutu wa ngambo ya bonde anaiona. Hiyo ya mwisho ni mimi nilisema. Laetitia akasema, sawa, lakini si utakuwa muzee siku ile?

Kisha akasema neno moja, na hakuisema kwa ubaya. Alisema, "Mama, na vita ikirudi? Kitunguu unakimbia nayo."

"Njo sababu siitaki," nikamujibu.

Anajua. Mimi nilitoroka Buleusa nikiwa binti, na nguo moja. Nikafika hapa, nikamupata Isidore, nikasema nimefika. Kisha tukakimbia hapa vilevile, mara ya kwanza, mara ya pili, sasa sihesabu tena. Nimeshakimbia na masufuria. Nimeshakimbia na godoro ku kichwa na huyu Laetitia ku mugongo, anakojoa mu shingo yangu mpaka Sake. Kila kitu ya nyumba yangu imejifunza kukimbia. Nilitaka kitu moja tu yenye haijui. Nilimuambia hivyo, na machozi ikanitoka, na ilinikasirisha zaidi juu sikutaka kulia mbele yake.

Kesho yake nilishuka kwa jirani yangu Thacienne, mwenye luhu yake, ule uzio wa miti hai kuzunguka nyumba, ni ya muko tupu. Sisi luhu tunaitaka ya muko juu ngombe haikule, na juu haikuombi kitu: unakata fimbo nene, unaisukuma mu udongo wa mvua, na inaota. Haitaki mizizi. Nikamuomba fimbo moja. Aliniangalia, akaniuliza kama Evode anajua. Nikasema atajua. Thacienne akakata yenye ilikuwa na urefu wa Laetitia, akaipangusa, akanipa, akasema tu, "Uisimamishe muzuri."

Alikuwa anafikiri jambo ingine pia, na mimi nilikuwa naifikiri. Muko si muti kama miti zingine. Wazee wa zamani walikuwa wanaenda chini yake kuita mizimu, kuacha pombe na kuomba. Makatekista wameihubiri tangu bibi zetu. Watu wa luhu wanaipanda, hakuna shida, luhu ni luhu. Lakini kuisimamisha katikati ya lupango, karibu na kaburi, hiyo ni kuita maneno. Na mimi wa Walikale, kule wanasemaka tunashika mambo ya zamani, nilijua watanipiga na fimbo ile ile yenye nilibeba. Sawa, nikasema. Wanipige, lakini muti isimame.

Siku ya kumaliza kilio mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, udongo ikakuwa laini. Nilichimba shimo mapema, nyuma ya kaburi, kwenye kila mutu mwenye kupanda njia angeiona. Watu walikuja: familia, jirani, wakristo wa Evode, na Papa Edmond, kapita wa mulima yetu. Tuliomba. Tuliimba. Tukanyoa nywele, tukatosha nguo za kilio. Evode akasema maneno juu ya ndugu yake, na alisema muzuri sana, mpaka nikamupenda tena kidogo. Kisha akachukua kitunga ya maua, na jembe, akasema sasa tupambishe mahali ndugu yetu analala.

Hapo nikaingia nyuma ya nyumba, nikatoka na fimbo ya muko. Nikapita katikati ya watu, nikaisimamisha mu shimo, nikaanza kusukuma udongo na muguu.

Evode akacheka kidogo, kicheko ya muntu mwenye bado anatumaini ni mchezo. Akasema, "Mama Laetitia, tulisema maua."

"Muko nayo iko na maua."

Watu wakaguna. Akaweka kitunga chini. Akaanza kunifundisha, na sauti ile ya polepole, kama nimekuja kuandikisha ubatizo. Ati hii ni muti ya mizimu. Ati hanikatazi, kule kwetu Walikale nipande hata musitu muzima, lakini hapa ni kaburi ya mukristo. Mwanamuke moja nyuma akasema ni kweli, Mungu atukinge. Nilikuwa nimeapa mbele ya Laetitia kwamba siku ile nitasema polepole, na nilisema polepole.

"Shemeji, mu luhu yako muko ni ngapi? Mizimu haiko huko? Sema neno yenye iko mu roho. Wewe hauogopi mizimu. Unaogopa muti."

Evode akabadilika uso. Nimemujua huyu muntu tangu nikiwa bibi arusi, na sikuwahi kumuona na hasira mbele ya watu. Akaja na hatua mbili, akashika fimbo na mikono yote, akaing'oa. Udongo ikaniruka ku nguo yangu mupya.

Kijana moja wa kanisa akasema kwa nguvu, "Ichomwe."

Evode akasimama na fimbo mu mukono. Moto ilikuwa pale pale, chini ya sufuria ya maharagi. Hatua kumi haifike. Lakini mimi nakuambia: ku mulima hii hakuna mutu anachomaka muko. Hakuna. Unaweza kuwa katekista, unaweza kuwa padiri, utahubiri ni upagani mpaka kiti itetemeke, na nyumbani hauwezi kupika maharagi na kuni ya muko. Bibi yako alikukataza ukiwa mutoto, na mukono haijasahau. Tena siku ya kaburi. Nilimuona Evode anaangalia moto, anaangalia fimbo, anaangalia mama yake. Mama Mukashema hakumusaidia na neno hata moja. Kuitupa tu vilevile hakuweza, fimbo yenye imeingia mu udongo wa mufu. Alishikwa hapo, mbele ya wakristo wake wote.

Basi akafanya kitu yenye muntu wa hasira anafanya. Akaokota jembe, akashuka kwa nguvu, akapita mihogo yangu, akapita ndizi, mpaka ku mutaro. Watu wakamufuata, nani atabaki nyuma? Akafika ku kona ya mutaro, akapiga fimbo mu udongo, akaipondea na mugongo wa jembe, moja, mbili, mpaka ikasimama ngumu. Akageuka, anapumua, na akasema kwa sauti ya kuhubiri, yule wa mwisho asikie:

"Muti ya Généreuse isimame ku mwisho ya shamba ya Généreuse. Ku kaburi ya ndugu yangu, hapana."

Laetitia alikuwa amefungua mudomo ya kumutukana. Nikamushika mukono kwa nguvu mpaka kesho yake alama ilikuwa pale. Nilimuambia na macho: nyamaza. Na mimi mwenyewe, mwenye hawezi kuacha neno ikapita bila kuijibu, nilifunga mudomo. Ilinikazia kuliko kubeba godoro mpaka Sake. Papa Edmond, kapita, alikuwa ametosha kofia yake. Wazee wawili wenye kusimama karibu naye waliangaliana.

Mama Mukashema alikuwa ameshuka polepole na kijiti yake. Alifika, akashika fimbo, akaitikisa. Haikutikisika.

"Nani amesimamisha hii?" akauliza.

"Si ni mimi, mama?" Evode akasema, bado iko na hasira. "Wote wameona."

"Uko mukubwa wa familia?"

"Mama, unauliza nini?"

"Umesema ni mwisho ya shamba ya nani?"

Hapo njo akasikia. Niliona inaingia ndani yake. Aliangalia jembe mu mukono yake, akaangalia mutaro, kisha watu wote wale wenye yeye mwenyewe aliwashusha mpaka pale. Mama yake hakucheka. Alisema tu, "Baba yako aliambia Isidore mpaka ku mutaro. Umechelewa, lakini umefanya." Na akaanza kupanda kurudi ku nyumba, juu maharagi ilikuwa inaungua.

Mudomo iliponza kichwa, watu walisema ile siku, na walicheka na kasiksi, pombe ya ndizi, mu vikombe. Mimi sikucheka sana. Evode alienda bila kula. Katekista kuondoka bila kula ku kilio ya ndugu yake, si kitu ya kufurahisha. Nilikuwa na furaha, nisidanganye, furaha ya kutaka kuruka. Na nilikuwa na huruma. Hizo mbili zilinikalia mu kifua pamoja, hakuna yenye ilitoka.

Laetitia alipanda vitunguu ku kaburi mbele ya kurudi Goma. Nilimuacha. Kwa mufu ni maua ya kufaa, yeye haendi mahali, na masista hawana kosa mu mambo yetu. Ilitoa maua mbele ya mwezi kuisha, kama vile alisema, na jioni nilikuwa nakaa pale naiangalia na kumuambia Isidore habari.

Lakini watu wakaanza kuniletea maneno. Ati Evode anasema fimbo moja ni fimbo tu. Ati alikuwa na hasira, na neno ya hasira haihesabiwe. Ati ataenda kumuona Papa Edmond wawe na saa moja ya kuongea, wao wanaume. Kijana wake mukubwa, Élysée, alikuwa amepata muchumba, na familia ya binti walikuwa wanauliza atamuweka wapi. Sasa nilielewa kitunga ya maua ilitoka wapi. Haikutoka ku roho mubaya. Ilitoka ku kijana mwenye hana shamba, na baba mwenye hana ya kumupa. Lakini kuelewa si kuachilia.

Na mu ile neno moja, Evode alikuwa na haki. Kidole moja haivunje chawa, na muti moja haikate mupaka. Mupaka ni musitari. Kama ningekaa ku mulango yangu kuangalia fimbo moja na kufurahi, mwaka ingine ingekuwa fimbo mu shamba ya Élysée.

Nilirudi kwa Thacienne. Safari hii sikuomba; nilimuambia, na akaleta panga mbili. Tulikata asubuyi yote. Nikafunga fimbo na kamba, nikabeba ku kichwa, nikapanda mpaka kwa Evode mchana kweupe, kila mutu mu mashamba akiniona. Sikutaka kufichaficha.

Alikuwa mu lupango anatengeneza muguu ya kiti. Nikatua muzigo mbele yake. Aliangalia fimbo, hakusimama.

"Shemeji, nimekuja tumalize," nikasema.

Akaniambia nirudi nyumbani, tutaongea mbele ya kapita. Nikamuambia kapita alikuwa pale na kofia mu mukono, alisikia kila kitu, hana kitu ingine ya kusikia. Akasema nilimutega. Hiyo ilinikata, juu si kweli, na nilimuambia hivyo: mimi nilipanda muti yangu ku nyumba yangu, ni wewe ulichagua mutaro, ni wewe ulisema jina yangu. Hakuna mutu alikushika mukono.

"Na nikikataa?"

"Utakataa. Mimi nitakaa hapa na fimbo yangu. Kesho nitarudi, mpaka uchoke."

Nikakaa kweli, juu ya muzigo wa fimbo, na miiba ilinichoma mpaka leo nakumbuka, lakini sikusogea. Muke wake alitoka, akaniona, akaniletea maji, akarudi ndani. Evode alipiga misumari mu kiti, ikapinda, akaitosha, akapiga ingine. Kisha akaanza kuongea bila kuniangalia. Alisema Élysée iko na miaka ishirini na tano. Alisema watu wa binti watamupa mwengine. Alisema wane wote watataka, na mulima haikue, na yeye iko na sehemu sawa na yenye Isidore alikuwa nayo kwa mutoto moja. Alikuwa anasema kweli kila neno. Nilitaka iwe uongo, ningeweza kumukasirikia muzuri zaidi.

Nilimuambia Élysée aje kwangu. Nitamupa pa kulima, kando ya ndizi, musimu hii na yenye kufuata, mpaka atakapopata. Lakini atakuja kuniomba mimi, ku mulango yangu, na mimi njo nitamuonyesha wapi.

Evode akapiga musumari ya mwisho. Kisha akaweka nyundo chini, akaingia mu nyumba, akatoka na jembe.

Tulishuka sisi wawili tu, lakini tulipofika ku mutaro watu walikuwa wameshaacha majembe yao mu mashamba na wanasimama mbali kuangalia. Ile fimbo ya kwanza ilikuwa imetosha vijani vidogo. Mimi nilikuwa napima na kumupa fimbo, yeye anasimamisha na kupondea. Ku ya tatu, aliingia kidogo upande wangu, hatua mbili hivi. Nikasimama pale pale na fimbo mu mukono, sikuipeleka. Aliona. Akaing'oa, akairudisha ku mutaro.

Tulienda hivyo, ndizi moja kwa ingine, mpaka jua ikakuwa kali na shati yake safi ikakuwa udongo tupu. Karibu na mwisho alisimama, akaegemea jembe. Nilifikiri amechoka. Kumbe alikuwa analia, muntu mukubwa yule, bila sauti, na watu wanaangalia.

"Aliniomba hii," akasema. "Miaka yote hii. Ingenichukua asubuyi moja."

Nilikuwa na maneno mingi ya kumujibu. Nilikuwa nimeyalalia tangu Isidore afe, na kila moja ilikuwa na makali. Nikayaacha. Sikumusamehe, hiyo bado haijafika, na sikumuambia si kitu, juu ilikuwa kitu. Nikamupa fimbo yenye kufuata, na yeye akaipokea, akaisimamisha.